Kabla ya Kuchagua Swichi, Ijue Hewa

Miongoni mwa vifaa vya umeme vinavyoagizwa na viwanda vyetu, ni vichache vilivyobebeshwa jina linalopotosha kama swichi iitwayo «ya kuzuia mlipuko». Mtu alisikiapo jina hilo hudhani kwamba gesi haiwezi kuingia ndani ya lile kasha zito la chuma, na kwa hiyo mlipuko hauwezi kutokea humo. Sivyo. Gesi huingia. Swichi inapopata joto, hewa iliyomo hutanuka na sehemu yake hutoka nje; inapopoa, hewa ya nje hunyonywa ndani. Mahali penye mvuke wa petroli au gesi ya kupikia, kasha hilo hupumua mchana na usiku, na hewa linayoivuta ndiyo ile ile ya hatari. Yumkini siku moja cheche ya ndani itaiwasha, na mlipuko utatokea. Mhandisi aliyeibuni swichi hiyo analijua jambo hili na amelikubali tangu mwanzo. Alichokusudia ni kwamba mlipuko utokee humo ndani na ufie humo humo. Swichi hii huzuia mlipuko kama gereza lizuiavyo mfungwa, wala si kama komeo lizuiavyo mwizi.

Nimeanza na jina kwa sababu makosa mengi ya uchaguzi huzaliwa hapo. Mnunuzi huitazama swichi, huipima uzito wake mkononi, huuliza bei, kisha huamua. Rai ninayoitetea katika makala haya ni kwamba uchaguzi wa swichi ya mahali pa hatari hauanzii kwenye swichi; huanzia kwenye hewa inayoizunguka. Aidha, elimu ya kuijua hewa hiyo si siri ya wahandisi. Sehemu yake kubwa imo katika vitabu vya fizikia na kemia vya shule za sekondari, ila tunaifundisha kwa namna ambayo kijana haikumbuki siku anaposimama mbele ya swichi yenyewe.

Jambo hili lina haraka yake. Gesi asilia iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 imekuwa ikitumika nchini tangu 2004, na sasa kuna magari yanayoendeshwa kwa gesi hiyo katika barabara za Dar es Salaam. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umelenga kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimetakiwa kuacha kuni na mkaa. Taasisi hizo, kwa sehemu kubwa, ni shule. Hivyo mitungi mikubwa ya gesi inasimamishwa karibu na majiko ya mabweni, na ukutani, hatua chache kutoka hapo, pana swichi ya taa.

Na tuitazame kwanza swichi hiyo ya kawaida. Ni vipande viwili vya metali vinavyogusana na kuachana. Vinapoachana, mkondo wa umeme haukubali kukatika mara moja. Nishati iliyohifadhiwa katika uga wa sumaku wa koili iliyomo katika saketi huusukuma mkondo upite hewani, nasi twaona cheche ya buluu. Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaijua kanuni ya nishati hiyo: nusu ya uanzishaji wa koili mara mraba wa mkondo. Taa ya tyubu ya aina ya zamani ina koili yenye uanzishaji wa yapata henri 1, na mkondo wake ni kama ampea 0.4. Piga hesabu, utapata milijuli 80.

Sasa ulinganishe na kiasi kinachotosha kuwasha gesi. Mchanganyiko wa methani na hewa, katika uwiano ulio mwepesi zaidi kuwaka, huhitaji milijuli 0.28 tu. Hiyo ni nishati ya kitu cha gramu 1 kinachoanguka kutoka kimo cha sentimita 3. Haidrojeni huhitaji kama milijuli 0.02. Si nishati yote ya koili inayoishia kwenye cheche, lakini hata sehemu moja ya mia ya zile milijuli 80 yatosha na kubaki. Basi msomaji na aone kwa nini mtu aliyenusa gesi jikoni akakimbilia kuzima taa anafanya jambo baya kuliko kuiacha inawaka. Cheche ya kuzima, aghalabu, ni kubwa kuliko cheche ya kuwasha. Onyo la «usiwashe taa» limeenea. Onyo la «usizime» halijaenea, ingawa fizikia yake ni ile ile tunayoitahini kila mwaka.

Gesi, hata hivyo, haiwaki kwa kila kiwango. Methani huwaka inapokuwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa; gesi ya mitungi ya kupikia, ambayo ni propani na butani, kati ya asilimia 2 na 10 hivi; haidrojeni kati ya 4 na 75. Chini ya kiwango cha kwanza mchanganyiko ni mwepesi mno, juu ya cha pili oksijeni haitoshi. Mwanafunzi atakayezitazama tarakimu hizi kwa makini ataona jambo ambalo muuza swichi hatamwambia, kwamba haidrojeni ni hatari karibu katika kila kiwango itakachofikia, na kwamba gesi ya kupikia huanza kuwa hatari ingali kidogo sana.

Wazo la kuufungia moto ndani ya kasha halikuanza na umeme. Lilianza katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza, ambako wachimbaji walitumia taa za moto wazi huku methani ikivuja kutoka katika miamba. Mwaka 1812 mlipuko katika mgodi wa Felling uliua watu 92. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1815, Humphry Davy aligundua kwamba ndimi za moto hazipiti katika njia nyembamba, kwani metali huzinyonya joto lake hadi zikafa njiani. Akauzungushia mwali wa taa wavu laini wa nyaya, na taa hiyo ikaweza kuwaka ndani ya gesi bila kuwasha gesi ya nje. George Stephenson, fundi wa mashine ambaye baadaye alipata sifa kwa magari-moshi, alitengeneza taa yake yenye lengo lile lile mwaka huo huo, na ubishi wa nani alitangulia ulidumu muda mrefu.

Sehemu ya hadithi hii isiyofundishwa sana ndiyo inayotuhusu. Baada ya taa ya Davy kuenea, vifo vya milipuko migodini havikupungua kama ilivyotarajiwa. Wenye migodi, wakiwa na imani na taa, waliwapeleka wachimbaji katika sehemu zenye gesi nyingi ambazo zamani ziliachwa. Nyavu zilipata kutu au zilitobolewa, na upepo mkali wa mgodini uliweza kuusukuma moto upite katika matundu. Kifaa kilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni ujuzi wa kinapofaa na kisipofaa, na uangalizi wake.

Umeme ulipoingia migodini, swali lile lilirudi kwa sura nyingine. Tarehe 14 Oktoba 1913, katika mgodi wa Senghenydd huko Wales, wachimbaji 439 waliuawa kwa mlipuko, na mwokoaji mmoja akafa pia. Uchunguzi haukupata chanzo kwa uhakika, lakini cheche za kengele za umeme zilizotumika kupelekeana ishara zilikuwa miongoni mwa vyanzo vilivyoshukiwa zaidi. Kengele hizo ziliendeshwa kwa betri, tena za volti ndogo, na watu walidhani umeme mdogo namna hiyo hauna madhara. Watafiti wa Uingereza, miongoni mwao R. V. Wheeler na W. M. Thornton, walionyesha kwamba volti pekee haitoi jibu. Koili ya kengele huhifadhi nishati, na nishati hiyo ndiyo huja kutoka kwenye cheche. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa njia ya pili ya usalama, ambayo kwa maoni yangu ni ya kiungwana kuliko ile ya kasha zito: kuipunguza nishati ya saketi hata cheche yake isiweze kuwasha gesi kabisa. Kwa swichi za ishara na vipimo, njia hii ndiyo bora. Kwa swichi ya mota kubwa haiwezekani, kwa kuwa mota huhitaji nguvu, na hapo hatuna budi kurudi kwenye kasha.

Kasha la leo hufuata kanuni ile ile ya Davy. Mahali kifuniko kinapokutana na mwili wake pana nyuso mbili za metali zilizochongwa kwa usawa mkubwa, na kati yake mwanya mwembamba. Gesi iliyolipuka ndani hulazimika kutoka kupitia mwanya huo, na ikifika nje imekwisha kupoa. Je, mwanya uwe mwembamba kiasi gani? Hilo hutegemea gesi. Katika kipimo cha maabara kinachokubaliwa kimataifa, moto wa propani hushindwa kuvuka mwanya unaokaribia milimita 0.92; wa ethilini, milimita 0.65; wa haidrojeni, milimita 0.29. Karatasi moja ya daftari ina unene wa karibu milimita 0.1. Kwa hiyo karatasi tisa kwa propani, tatu kwa haidrojeni. Viwandani mianya hufanywa kuwa myembamba zaidi ya hapo kwa ajili ya tahadhari, lakini mpangilio ni huo huo, nao ndio uliozaa makundi yanayoandikwa kwenye vibao vya swichi: IIA kwa gesi za jamii ya propani, IIB kwa jamii ya ethilini, IIC kwa haidrojeni na asetilini. Kundi la I limetengwa kwa migodi yenye methani, na la III kwa vumbi.

Swichi ya IIA ikifungwa katika chumba cha kuchajia betri, ambako betri za asidi hutoa haidrojeni, itakuwa gereza ambalo mfungwa hupenya katikati ya nondo zake. Kwa macho, swichi hiyo na ile ya IIC zaweza kufanana kabisa.

Swali jingine ni la joto, nalo halina uhusiano na lile la kwanza. Gesi yaweza kuwashwa pasipo cheche yoyote, kwa kugusa tu uso wenye joto la kutosha. Ndiyo sababu vifaa hupangwa katika madaraja sita kufuata joto la juu kabisa ambalo uso wake utafikia: T1 ni nyuzi 450 za sentigredi, T2 ni 300, T3 ni 200, T4 ni 135, T5 ni 100 na T6 ni 85. Wanafunzi wangu wengi hudhani kwamba gesi inayowashwa kwa cheche ndogo ndiyo pia inayowashwa kwa joto dogo. Haidrojeni yatosha kuwakanusha: cheche isiyoonekana huiwasha, lakini uso wa metali usipokaribia nyuzi 560 hauiwashi. Etha, kwa upande wake, si kali kwa habari ya mwanya, imo katika kundi la IIB tu, lakini huwaka yenyewe kwenye nyuzi 160 hadi 180 hivi, yaani chini ya joto la pasi ya nguo. Swichi yenye maandishi IIC T1 yafaa kwa haidrojeni na haifai kwa etha. Yenye IIB T4 yafaa kwa etha na haifai kwa haidrojeni. Hakuna ngazi moja ya ubora ambayo mnunuzi angeweza kuipanda kwa kuongeza fedha tu mpaka afike kileleni.

Tena kuna swali la mara ngapi. Mahali ambapo mchanganyiko wa hatari upo daima, kama ndani ya tangi la petroli, huitwa ukanda wa 0. Mahali unapoweza kutokea katika kazi ya kila siku, kama karibu na tundu la kupumulia la tangi, ni ukanda wa 1. Ukanda wa 2 ni pale unapotokea kwa nadra na kwa muda mfupi, mathalani bomba likivuja. Kwa vumbi kanda hizo ni 20, 21 na 22. Swichi ya kasha zito hukubaliwa katika ukanda wa 1 na wa 2. Katika ukanda wa 0 hutakiwa saketi za nishati ndogo za daraja la juu kabisa.

Mwanafunzi aliyefika hapa anaweza kukisoma kibao. Chukua maandishi haya: Ex db IIB T4 Gb. Herufi mbili za kwanza zinasema kifaa kimeundwa kwa ajili ya hewa inayolipuka. Herufi d ni kasha linaloufungia mlipuko ndani, na b ni daraja la ulinzi wake. IIB na T4 tumekwisha kuzieleza. Gb inasema ni kifaa cha gesi kinachofaa ukanda wa 1. Kama hapana maneno mengine, kifaa kimepimwa kwa mazingira ya kati ya nyuzi 20 chini ya sifuri na nyuzi 40 juu yake. Tarakimu hiyo ya mwisho yafaa izingatiwe na sisi tunaojenga vibanda vya pampu kwa mabati na kuviacha juani. Herufi X ikionekana mwishoni mwa namba ya cheti, maana yake ni kwamba kuna masharti maalumu, na cheti chenyewe lazima kisomwe.

Mtego mmoja watupata sisi kuliko wengi, kwa kuwa vifaa vyetu hutoka pande zote za dunia. Mpango wa zamani wa Marekani, ambao ungali unatumika huko, huyapanga makundi ya gesi kwa herufi kuanzia kali: A ni asetilini, B ni haidrojeni, C ni ethilini, D ni propani. Mpango wa kimataifa, kama tulivyoona, huanzia upande wa pili. Fundi aliyejifunzia vitabu vya Marekani akiona IIA anaweza kuamini kwamba ameshika swichi ya asetilini, kumbe ameshika iliyo dhaifu kuliko zote. Sijui kwa nini wakubwa wa viwango walikubali herufi zile zile zitumike kinyumenyume, lakini ndivyo ilivyo, na atakayeumia ni yule asiyeambiwa.

Mtego wa pili ni wa dukani. Swichi zenye alama ya IP65 au IP66 huuzwa kana kwamba ni za kuzuia mlipuko. Alama hiyo huhusu vumbi na maji tu. Swichi iliyofungwa kwa mpira isiingie mvua ni kitu kizuri bafuni na bandarini, lakini plastiki yake haikuundwa kustahimili mlipuko wa ndani, na mpira wake haukupimwa kwa ajili ya ndimi za moto.

Tuseme basi swichi sahihi imenunuliwa. Bado kazi haijaisha, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaodhani kwamba uchaguzi humalizika fedha zinapolipwa. Nyuso zile zilizochongwa kwa usawa ndizo swichi yenyewe. Fundi anayekwangua kutu kwa bisibisi amekwisha kutengeneza njia ya moto. Anayepaka rangi juu ya kiungo, au anayeweka gaskiti ya mpira kwa nia njema ili maji yasiingie, ameharibu kile kilichopimwa. Kifuniko chenye bolti nane kikirudishwa na bolti sita, kwa kuwa mbili zimepotea mchangani, si kifuniko tena. Tundu la kebo lisilo na kizibo chake halali ni dirisha. Makosa haya hayafanywi na wavivu; mengi hufanywa na mafundi hodari, wenye bidii, ambao hawakuelezwa kasha lile hufanya kazi namna gani.

Ushahidi wa jambo hili haupo kwetu tu. Alfajiri ya tarehe 11 Desemba 2005, katika bohari ya mafuta ya Buncefield, Uingereza, tangi la petroli lilijazwa kupita kiasi. Lilikuwa na swichi ya usalama ya kukata mafuta yanapofika juu. Swichi hiyo haikufanya kazi. Wachunguzi walieleza kwamba ilihitaji kufuli dogo la kuushikilia mkono wake wa majaribio mahali pake, na waliohusika na kuifunga na kuitumia hawakuelewa kwamba kufuli lile lilikuwa sehemu ya utendaji wa swichi. Halikuwekwa. Petroli yapata lita 250,000 ilimwagika, wingu la mvuke likatambaa hadi nje ya uzio, mbali na kanda zilizochorwa kwenye ramani, na uchunguzi ukaonyesha kwamba huenda liliwashwa katika nyumba ya pampu ya kuzimia moto. Watu 43 walijeruhiwa. Kwa bahati, ilikuwa Jumapili, na hakufa mtu. Nchi ile haikukosa vyeti wala wahandisi.

Turudi shuleni. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo, kila jokofu la maabara lilikuwa na bandiko la kukataza kuwekwa etha ndani yake, isipokuwa majokofu machache ya aina maalumu. Mwanzoni nilishangaa; nani asiyetaka etha ikae mahali pa baridi? Sababu ni swichi. Jokofu la nyumbani lina kidhibiti joto ambacho huwasha na kuzima mtambo, na pana swichi nyingine ya taa ya mlangoni. Chupa ya etha isiyozibwa vema hujaza mvuke katika sanduku lililofungwa, kisha jokofu lenyewe, usiku hakuna mtu, hutoa cheche. Maabara nyingi duniani zimewahi kulipuka hivyo. Namwomba mwalimu wa kemia anayesoma haya akalitazame jokofu la stoo yake kesho asubuhi.

Kwenye mashine za kusaga hofu ni ya vumbi. Sipendi kuwatia watu woga usio na sababu: banda dogo la kijijini lenye kuta wazi halifanyi kwa urahisi wingu la unga zito kiasi cha kulipuka, kwani wingu hilo sharti liwe zito hata mtu asione mbali. Viwanda vikubwa vyenye maghala marefu yaliyofungwa ni habari nyingine. Mlipuko wa unga uliandikiwa ripoti mjini Turin tangu mwaka 1785, katika ghala la mwokaji mikate. Lakini hata bandani kuna jambo la swichi. Unga unaolala juu ya kasha la swichi ni blanketi. Joto halipati njia ya kutoka, na tabaka la unga huanza kuungua polepole kutoka chini. Kwa tabaka la milimita 5, kanuni ya kimataifa hutaka uso wa kifaa uwe chini ya joto la kuwasha tabaka hilo kwa nyuzi 75 kamili. Ufagio, katika suala hili, ni chombo cha umeme.

Kuna watakaosema kwamba haya yote ni ya wahandisi, na kwamba shule ifundishe misingi tu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa sababu mtaala umejaa na walimu wamechoka. Lakini sisemi kiongezwe kitu. Mwalimu anayefundisha uanzishaji wa koili atumie hesabu ya cheche badala ya hesabu ya koili isiyo na kazi. Anayefundisha uzito wa gesi alinganishe propani, iliyo nzito kuliko hewa mara moja na nusu, na methani iliyo nyepesi kuliko hewa, kisha aulize darasa: gesi ipi itaijia swichi iliyo karibu na sakafu, na ipi itaijia taa ya darini? Kibao kimoja cha swichi, hata cha swichi iliyokufa iliyoombwa kiwandani, chatosha vipindi viwili.

Tena wahandisi hawapo wakati mambo haya yanapoamuliwa. Jiko la shule hujengwa na mkandarasi wa wilaya, swichi hununuliwa na mhasibu, na hufungwa na fundi aliyeitwa kwa simu. Mmoja wao tu akijua kuuliza swali la hewa, mara nyingi ataona kwamba swichi ya bei kubwa haihitajiki kabisa. Swichi bora ya mahali pa hatari ni ile isiyokuwapo mahali hapo. Mita chache za kebo huihamisha ikakae nje, upande mwingine wa ukuta, kwa gharama ndogo kuliko kibao chochote chenye herufi Ex.

Kwa hiyo mkuu wa shule anayejengewa jiko la gesi mwaka huu, kabla hajatia saini, amwombe mkandarasi amwonyeshe mambo machache kwa kidole. Mitungi ikae nje, katika uzio wenye matundu chini, kwa kuwa gesi ile hushuka. Pasiwe na mfereji wala shimo karibu nayo ambamo itajikusanya. Swichi ya taa ya jikoni na soketi ya friji zisiwe upande wa mitungi. Na kama pana swichi ambayo haiwezi kuhamishwa, kibao chake kisomwe kwa sauti, herufi moja baada ya nyingine, na mkandarasi aeleze kila moja.